Habari Isiishie kwa Kamanda wa Polisi

Barua ya wazi kwa klabu za waandishi wa habari za Shinyanga na Geita

Ndugu waandishi wa habari,

Nawaandikia ninyi wa redio, magazeti na televisheni mnaofanya kazi Shinyanga mjini, Kishapu, Kahama, Bukombe, Geita na Katoro. Mauaji na vipigo vya wanawake katika mikoa yetu vinatufikia wengi wetu kupitia kwenu. Ninyi ndio mnaotuambia nani ameuawa, wapi, na kwa sababu gani. Barua hii inahusu hiyo sababu.

Ombi langu naliweka mbele, ili hata asiyepata nafasi ya kusoma hadi mwisho awe amelisikia. Naomba klabu zenu mbili zishirikiane na wanawake waliopitia ukatili, pamoja na wasanii wa ngoma na maigizo wa kwetu, kutunga mchezo wa jukwaani kuhusu mauaji haya na namna yanavyoripotiwa. Uchezwe magulioni, kwenye viwanja vya shule na kwenye machimbo. Uchukue kisa kimoja mahali habari inapokiacha, ukifikishe mwisho wake mbele ya watu wanaokifahamu.

Habari ya kawaida ya mauaji ya mwanamke Kanda ya Ziwa tumeikariri. Kamanda wa Polisi wa Mkoa anawaita waandishi ofisini. Anataja jina la marehemu, umri, kijiji, saa ya tukio na silaha iliyotumika. Kisha anataja chanzo, nacho huwa kimoja kati ya viwili. Marehemu akiwa bibi kizee, ni imani za kishirikina. Akiwa mke au mchumba wa mtu, ni wivu wa mapenzi. Watu kadhaa wanashikiliwa, upelelezi unaendelea. Kesho yake habari imetoka, na wiki inayofuata imeshafunikwa na nyingine.

Polisi wanatoa taarifa kwa sababu ndiyo kazi yao. Lakini chanzo kinachotajwa siku moja au mbili baada ya mauaji mara nyingi ni maelezo ya mtuhumiwa mwenyewe. Yeye yuko hai, anajieleza. Marehemu hana wa kumsemea. Mume akisema alimpiga mkewe baada ya kukuta ujumbe kwenye simu, utetezi wake ndio unaogeuka kuwa kichwa cha habari, na kijiji kizima kinaanza kuuliza mke alikuwa na nani. Mikononi mwa mhariri asiye makini, maelezo ya muuaji yanachapishwa kana kwamba ndiyo matokeo ya uchunguzi.

Mazingira yenu nayafahamu. Wengi wenu ni waandishi wa kujitegemea mnaolipwa kwa kila habari iliyotoka. Nauli ya bodaboda kwenda kijijini mnaitoa mfukoni, na mhariri aliyeko Dar es Salaam anataka aya nne tu. Kesi ya mauaji huanzia mahakama ya chini, ambako mtuhumiwa hatakiwi kujibu lolote. Huahirishwa kwa kuwa upelelezi haujakamilika, kisha husubiri kikao cha Mahakama Kuu. Hakuna chombo cha habari kinachomlipa mtu akae akisubiri muda wote huo. Wakati huo huo ndugu wa pande mbili wanakutana usiku, ng'ombe wanatajwa, mashahidi wanaanza kusahau, na jambo linamalizwa nyumbani. Sehemu hiyo ya kisa kila mtu kijijini anaijua, na haiandikwi popote.

Mchukueni, kwa mfano, bibi kizee mwenye macho mekundu anayetuhumiwa uchawi. Mtafiti Simeon Mesaki, aliyezichambua takwimu za miaka ya 1970 hadi 1984, alionyesha kwamba zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na zaidi ya nusu ya mauaji yote yalikuwa Usukumani. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimeendelea kuripoti mauaji ya aina hiyo katika taarifa zake za miaka iliyofuata. Habari nyingi za mauaji hayo zilikomea kwenye imani za kishirikina, kana kwamba imani peke yake hushika panga.

Fuateni macho yale yalikotoka. Sehemu kubwa ya Shinyanga ilikatwa miti: kwa kufukuza mbung'o, kwa mashamba ya pamba, kwa malisho na kuni. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliowarudisha watu kwenye ngitili, hifadhi zao za asili za malisho. Palipokosekana kuni, mama alipikia mabua, vijiti vya pamba na kinyesi cha ng'ombe, ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Amevuta moshi huo tangu alipokuwa binti, na uzeeni macho yake yanakuwa mekundu na kutoa machozi. Hayo ni madhara ya jiko alilopikia wajukuu, na kijiji kinayasoma kama alama ya uchawi.

Kisha mtoto wa jirani anaugua, au ng'ombe wanakufa. Mtu anakwenda kwa mganga, ramli inapigwa, na anayetajwa ni mjane anayeishi peke yake. Jirani mmoja ananong'ona, wa pili anaongeza, na wa tatu anahitimisha kwamba lisemwalo lipo. Methali hiyo imewahi kutumika kama ushahidi kwetu, na imeua watu. Nyuma ya kelele zote hizo, mara nyingi lipo shamba. Yupo mtoto wa shemeji anayelihesabu. Wapo vijana wa kukodiwa wenye mapanga, na bei yao.

Ndiyo maana kesi moja ya hapa kwetu ingepaswa kujulikana na kila mwandishi wa Shinyanga. Wajane wawili, washonaji nguo, walifiwa na waume wakiwa bado vijana, wakatolewa kwenye nyumba zao na mashemeji kwa kutumia sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo zinawabagua wanawake, lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa yao kwa kasoro ya nyaraka. Hawakuchoka. Wakafika hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ikasema wazi kwamba Tanzania imekiuka haki zao. Washonaji wawili wa Shinyanga waliisimamisha nchi mbele ya dunia. Ni wangapi Shinyanga wanaokijua kisa hiki? Na ni mjane gani angeuawa kwa ajili ya shamba kama sheria ingemtambua tangu mwanzo kuwa ni lake?

Hapa ndipo naona nafasi ya jukwaa. Habari inasema jambo limetokea. Mchezo unaweza kumwonyesha mtazamaji jinsi lilivyopikwa: ramli, shamba, sheria, moshi na ukimya wa majirani, vyote vikiwa mbele ya macho yake kwa saa moja na nusu, bila nafasi ya kugeuza ukurasa.

Kuunganisha sanaa na habari si jambo geni kwetu. Siti binti Saad wa Unguja alikuwa akiimba habari za mji. Wimbo wake unaojulikana kama "Kijiti" ulitokana na kisa cha kweli: mwanamke kutoka Dar es Salaam aliyekwenda Unguja na kuuawa huko, muuaji akatorokea bara, na wanawake waliokuwa pamoja na marehemu ndio waliobaki mikononi mwa sheria. Alifanya kazi ya mwandishi wa mahakamani kwa sauti ya taarabu, kwa ajili ya watu ambao magazeti ya wakati ule hayakuwahesabu kuwa wasomaji. Waandishi wanawake walipoanzisha chama chao, TAMWA, mwaka 1987, jarida lao waliliita Sauti ya Siti. Chama hicho kilikuwa mstari wa mbele katika kampeni iliyozaa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Waandishi wa habari, wakiamua kulishikilia jambo moja kwa miaka, wanaweza kuibadilisha sheria ya nchi. Kazi ya kujivunia kama hiyo mnayo katika nyumba yenu wenyewe.

Jukwaa nalo limethibitisha nguvu zake mahali pengine. Mwandishi wa tamthilia wa Marekani, Lynn Nottage, alikwenda Uganda mwaka 2004 kuwasikiliza wanawake waliokimbia vita mashariki mwa Kongo. Alichotunga kutokana na safari zile, Ruined, kinafanyika ndani ya baa katika mji mdogo wa machimbo, na mwaka 2009 kilipata tuzo ya Pulitzer. Geita haina vita. Lakini mtu yeyote aliyekaa Nyarugusu au Rwamgasa, akaona msichana anayehudumia baa usiku ule ambao duara la machimboni limetema dhahabu na wanaume wana fedha, ataielewa baa ile ya Kongo bila kufafanuliwa.

India nako, mwanafunzi alibakwa na kundi la wanaume ndani ya basi jijini Delhi Desemba 2012, akafa kwa majeraha yake. Sheria ya huko inakataza kumtaja aliyebakwa, na vyombo vya habari vikampa jina la Nirbhaya. Mwaka uliofuata Yaël Farber wa Afrika Kusini akatengeneza mchezo wenye jina hilo, ukaonyeshwa Edinburgh, na baadhi ya waigizaji wakasimama kueleza ukatili waliotendewa wao wenyewe. Argentina, waandishi wa habari wanawake ndio walioanzisha wito wa Ni Una Menos mwaka 2015, na maelfu wakajaa barabarani. Hapa jirani, tarehe 27 Januari 2024, Wakenya waliandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake.

Nawatajia haya kwa sababu mahususi. Mtu wa Dar es Salaam akisoma habari ya bibi aliyekatwa mapanga Kishapu, anasema, "Hao ni Wasukuma na mila zao," kisha anaendelea na chai. Mjini Salem, Marekani, mwaka 1692, watu 19 walinyongwa kwa tuhuma za uchawi, na 14 kati yao walikuwa wanawake. Hapakuwa na Msukuma pale. Mwanamke asiye na mtetezi amekuwa akitupiwa lawama katika kila nchi. Mchezo wetu uwe na angalau sehemu moja ya ng'ambo, ili mtazamaji wa Maganzo asijione kwamba kabila lake limeburutwa kizimbani peke yake, na mtazamaji wa Masaki, Dar es Salaam, asipate kabila la kujifichia.

Uwezo wa kuutunga tunao. Kati ya mwaka 1982 na 1983, wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, wilayani Kwimba. Wanakijiji walichambua wenyewe matatizo ya vijana wao, zikiwemo mimba za wasichana, wakayaigiza kwa ngoma zao na kuyajadili baada ya onyesho. Mwaka 1996 wataalamu hao walianzisha mpango wa Tuseme, ambako wasichana wa sekondari huyaigiza yanayowakwaza shuleni. Na Msukuma yeyote anajua mashindano ya Bagika na Bagalu: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na linalovuta watu wengi ndilo lililoshinda. Watu wetu wamezoea sanaa ambayo mtazamaji ndiye hakimu.

Naona mchezo wenye wanawake watatu na mwandishi mmoja. Wa kwanza ni mjane mwenye macho mekundu, na tunauona moshi kabla ya kuliona panga. Wa pili ni mwanamke wa machimboni. Anaponda mawe, anaosha mchanga mwaloni, anaambiwa asikaribie duara kwa sababu atafukuza dhahabu, na usiku mwanaume anayeishi naye anamdai fedha aliyoipata. Wa tatu ni binti wa miaka 15. Takwimu za mwaka 2010 zilionyesha kwamba Shinyanga iliongoza nchini: asilimia 59 ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kufikisha 18. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ndiyo iliyoruhusu ndoa hizo, na ingawa Mahakama Kuu mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, katika kesi ya Rebeca Gyumi, zilisema vifungu husika vinakwenda kinyume cha Katiba, ng'ombe hawasomi hukumu. Kwenye mchezo, baba yake binti asiwe katili. Awe mtu anayempenda mwanawe, mwenye deni na mvua iliyogoma, ili wababa waliokaa mbele wajione.

Mwandishi wa habari naye asiwe malaika. Tumwone akiipokea taarifa ya kamanda na kuirusha ilivyo. Tumwone akiletewa bahasha na shemeji wa marehemu. Tumwone pia akiogopa, kwa kuwa kuna la kuogopa: Vicky Ntetema wa BBC alipowapeleleza waganga wa kanda hii mwaka 2008, juu ya mauaji ya watu wenye ualbino, alitishiwa maisha hadi akalazimika kujificha. Ujasiri wake ulitambuliwa kwa tuzo ya kimataifa mwaka 2010. Lakini yeye alikuwa na shirika kubwa nyuma yake. Mwandishi wa kujitegemea wa Katoro ana klabu yenu tu. Watu wakiiona hofu yake jukwaani, wataelewa kwa nini wanapaswa kumlinda.

Kazi hii ikifanywa ovyo itaumiza. Kwa hiyo naomba tukubaliane mapema kuhusu masharti. Jina la mtu lisitumike, wala kijiji kisitambulike. Mwanamke anayetoa kisa chake ausikie mchezo kabla haujatoka, na awe na haki ya kukiondoa hata siku ya mwisho. Kipigo na mauaji visionyeshwe, kwa kuwa wapo watakaofurahia kuviona na wapo watakaovikumbuka. Lugha iwe Kisukuma na Kiswahili, kama watu wanavyozungumza. Na pasiwe na onyesho hata moja bila afisa ustawi wa jamii na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto kuwepo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa asilimia 78 ya wanawake wa Shinyanga waliowahi kuolewa walikuwa wamepitia ukatili wa waume zao. Kila tutakapocheza, wengi wa wanawake walioketi mbele yetu watakuwa wamo ndani ya takwimu hiyo. Wakisimama kusema, lazima awepo wa kuwapokea.

Fedha zipo. Mabadiliko ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii unaokubaliwa na halmashauri. Mipango hiyo imejenga madarasa na zahanati, na ni vyema. Madiwani wa Geita na Msalala wanaweza pia kuingiza humo mchezo unaookoa maisha ya akina mama wa kata zao. Ninyi waandishi mnaokaa kwenye vikao vya madiwani ndio wa kuwauliza kwa nini hawajafanya hivyo.

Wakati mchezo unaandaliwa, lipo jambo ambalo halihitaji mfadhili. Kila klabu ifungue daftari la kesi. Kila habari ya mwanamke aliyeuawa au kuumizwa iliyotolewa na mwanachama iandikwe humo: tarehe, namba ya kesi, mahakama, na jina la mwandishi aliyeibeba. Mwandishi huyo akihama, akabidhi kwa mwingine. Tarehe ya kutajwa kwa kesi ikifika, mtu aende, hata kama ni kuandika sentensi moja kwamba imeahirishwa kwa mara ya tano. Hakimu, mwendesha mashtaka na ndugu wanaotaka kuyamaliza nyumbani, wote watajua kuna anayehesabu. Mwisho wa mwaka daftari lisomwe redioni, kesi kwa kesi. Na daftari hilo ndilo litakalokuwa malighafi ya mchezo, ili asiwepo wa kusema tumetunga uongo.

Na tangu leo, kamanda akitaja wivu au ushirikina, ulizeni maswali ya ziada pale pale: nani amesema hivyo? Shamba la marehemu liko mikononi mwa nani sasa? Aliwahi kwenda kulalamika kwa mtendaji wa kijiji au polisi, na alijibiwa nini? Maswali matatu hayazidi aya nne za mhariri wenu.

Napendekeza tukutane Kahama, katikati ya mikoa yetu miwili, kabla ya msimu wa mavuno, ili mazoezi yaanze na mchezo uwe tayari wakati watu wana chakula ndani na ngoma zimeanza. Mimi nimefundisha maigizo mashuleni kwa miaka mingi, na nitaifanya kazi hii bila malipo. Wapo walimu wenzangu, manju wa ngoma na akina mama wa vikoba walio tayari kuingia nami. Tunachokosa ni ninyi, kwa sababu mnayajua mengi kuliko mliyowahi kuyaandika, na wanawake hawa wanastahili yajulikane yote.

Nasubiri majibu ya klabu zote mbili, nami natumaini yatakuja kwa maandishi na yenye tarehe ya kikao.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa sanaa za maonyesho, Kahama